Bipu ya Pili

Watu wa siku hizi, wenye vifurushi vya wiki na vya mwezi, hawajui kubipu. Wakitaka kusema neno wanalisema, hata kama halina maana. Lakini miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, na makampuni ya simu yakigombania kila kilima ili yasimike mnara, simu zilikuwa nyingi kuliko salio, na watu wa Mbulu na Hanang wakajitungia lugha yao. Unapiga, unaona inaanza kwenda, unakata. Hulipi kitu. Mwenzako anaona namba yako imeingia ikatoka, naye anajua. Ya asubuhi ilikuwa salamu. Ya mchana ilikuwa nimefika. Ya jioni ilitegemea umeoa au hujaoa. Kila nyumba ilikuwa na kamusi yake, na jirani akijaribu kuisoma anapotea.

Halafu kubipu ni kazi ya kidole gumba, si ya sikio. Anayebipu haweki simu sikioni. Anaitazama tu, na anakata haraka kabla mwenzake hajapokea akamlia salio. Hilo tulishike, maana maisha ya Nikolausi Bura yaliharibikia kwenye kidole gumba.

Nikolausi alikuwa fundi wa redio za minara. Si hizi redio za kusikilizia taarifa ya habari, ingawa majirani zake wa Nambis, huko Mbulu, hawakuelewa hivyo, na kila aliyeharibikiwa na redio yake ya betri alimletea mlangoni. Redio zake yeye zilikuwa zile zenye sahani nyeupe zinazofungwa juu mnarani, moja kilima hiki na nyingine kilima kile, zikitazamana uso kwa uso na kupelekeana simu na intaneti hewani bila waya. Sahani ya Nambis ilitazamana na sahani ya Endasak, huko kwenye miteremko ya mlima Hanang. Mtu wa upande ule akipiga simu, hata kama anampigia jirani anayemwona, sauti yake ilivuka kwanza bonde lote ikaja Nambis, ndipo ikaenda kwenye mitambo mikubwa mjini na kurudi. Kazi ya Nikolausi ilikuwa kukaa na kompyuta kwenye kibanda chini ya mnara akaipangia njia hiyo mambo yake: ipitishe kiasi gani, nani apite kwanza, nani angoje.

Nikolausi alimpata Imakulata wakati wa kufunga sahani ya Endasak. Imakulata alikuwa mwalimu wa chekechea ya parokia. Watoto walitoroka darasani kwenda kumshangaa mtu anayening'inia juu ya chuma, naye akawafuata kuwarudisha, na mwisho akabaki anashangaa pamoja nao. Nikolausi aliposhuka, alitamani kuulizwa kama haogopi, kama wasichana wengine walivyokuwa wakimuuliza. Yule hakuuliza hivyo.

"Ukiwa kule juu unaona kwetu?" alisema.

Kwao kulikuwa Mogitu, tambarare, boma la mzee Gidamis, Mbarabaig, mfugaji mwenye ng'ombe weupe wengi. Gidamis hakuwa Mkristo na hakuwa na mpango wa kuwa. Binti alisomeshwa na kubatizwa kwa sababu padri mmoja alizoea kuja bomani kila msimu, na mzee alichoka kumkaribisha na kumkatalia siku hiyohiyo. Kesho yake Nikolausi alipanda tena mnarani, ingawa kazi ya juu ilikuwa imekwisha. Aliposhuka alimwambia Imakulata kwamba ameona ng'ombe weupe, na ameona mzee mmoja amesimama kwa mguu mmoja ameegemea fimbo. Imakulata akasema huyo ndiye baba. Akauliza kama baba naye amemwona. Nikolausi akasema hakutazama juu.

"Basi bado," alisema Imakulata, na akacheka, na kicheko kile kilimkaa Nikolausi kifuani mpaka leo.

Wakapendana. Sitakuwa na mengi ya kusema hapo, aliyewahi kupenda anajua na asiyewahi hata nikimweleza hataelewa. Shida ilikuwa namna ya kukutana. Imakulata hakuwa na simu. Simu ilikuwa ya kaka yake, na kwa kuwa bomani hapakuwa na umeme, iliishi zaidi kwenye duka la kuchajia simu pale Mogitu kuliko mfukoni mwa mwenyewe. Imakulata alipita dukani akaiomba dakika moja, na mwenye duka, ambaye alikuwa na binti zake, hakumuuliza ya nini. Kumpigia ilikuwa mwiko, kwa sababu huwezi kujua simu hiyo iko mkononi mwa nani. Yeye ndiye aliyebipu, Nikolausi alipokea kwa macho.

Kamusi yao aliitunga Imakulata. Bibi yake, mama wa Gidamis, alimkanya tangu akiwa mdogo wa kuchunga ndama: ukiwa peke yako malishoni ukasikia jina lako likiitwa mara moja, usiitike. Nyamaza kwanza. Mtu akikuhitaji kweli atakuita mara ya pili, na kinachoita mara moja si mtu. Kwa hiyo bipu moja ilikuwa na maana ya usije, baki ulipo. Bipu mbili zilikuwa na maana ya njoo. Nikolausi alimtania kwamba msomi mzima anaendesha mapenzi kwa mashetani ya bibi, lakini ukweli ni kwamba hata kwao Nambis hakuna mtoto aliyeitika haraka jina lake likiitwa porini, ila wao hawakuwa na sababu nzuri ya kuieleza.

Kiangazi chote kamusi ile ilifanya kazi vizuri. Bipu mbili, Nikolausi alikuwa juu ya pikipiki. Bipu moja, alibaki na kujifanya ana kazi nyingi. Haikukosea hata siku moja.

Mvua zilipoanza, lawama nazo zikaanza. Mvua kubwa au ukungu mzito ukiingia bondeni, mawimbi yale huchoka njiani, na redio hujipunguza yenyewe: badala ya kupitisha mzigo wote, hupitisha sehemu tu, ili isikatike kabisa. Barabara pana hugeuka kuwa ya gari moja. Ofisi za mji wa Katesh, chini ya mlima Hanang, zilikuwa zimeanza kutegemea intaneti, benki nayo pia, na kila ikinyesha watu walikaa kwenye viti wakitazama kompyuta zilizoganda. Joakimu, bosi wa Nikolausi, alipiga simu kutoka Babati akasema amechoka kutukanwa na watu waliovaa tai. Hakumwambia afanye nini. Alimwambia tu kwamba atafute dawa, na kwamba anamwamini.

Neno lile la kuaminiwa lilimpanda kichwani. Nikolausi akakaa kibandani na kompyuta yake akatazama njia ile inapitisha nini. Ili uelewe alichokifanya, jua kwamba simu haiendi moja kwa moja. Kabla haijalia upande wa pili hutangulia kitu kidogo, kama mgeni anayesimama mlangoni na kusema hodi. Hodi ikiitikiwa, ndipo maongezi yanapewa nafasi. Sasa Nikolausi akaona kwamba hodi zilizokuwa zikivuka bonde ni nyingi mno, na nyingi kati yake hazifuatwi na maongezi yoyote. Ni bipu. Bonde zima lilikuwa linapiga hodi na kukimbia.

Alicheka peke yake kibandani. Kisha akapanga foleni. Mvua ikinyesha na njia ikibana, maongezi yaliyokwisha kuanza yatangulie. Zifuate ofisi na benki. Ifuate intaneti ya watu wengine. Hodi zikae mwisho kabisa, zipite nafasi ikipatikana. Alijiambia kwamba mwenye shida ya kweli akiona kimya atapiga tena, na asiyepiga tena hakuwa na shida. Ilikuwa hoja nzuri. Ni hoja ya mtu mwenye salio.

Hakuwaza hata kidogo kwamba bipu ya Imakulata nayo ni hodi. Kwake ile haikuwa hodi, ilikuwa Imakulata.

Dawa ilifanya kazi. Mvua ilipiga wiki nzima na Katesh hakuna aliyelalamika. Joakimu alimsifu kikaoni mbele ya wenzake, akasema minara mingine nayo ipangwe vile, na Nikolausi akarudi Nambis akitembea kifua mbele.

Siku zile kifua chake kilikuwa na sababu nyingine pia. Imakulata alikuwa amesema na mama yake, na mama akasema na Gidamis, na Gidamis, badala ya kupasua dunia, alinyamaza. Kunyamaza kwa mzee yule kulikuwa jambo kubwa. Wairaqw, watu wa kina Nikolausi, na Wabarabaig wana yao ya zamani, ya ng'ombe na ya damu, na wazee wa pande zote mbili wanayakumbuka kuliko majina ya wajukuu. Kulikuwa pia na mtu wa Basotu, Mbarabaig mwenzake, mwenye mifugo ya kutosha, ambaye alishaulizia. Gidamis akasema atakaa na wazee wa ukoo wake. Wakikubali, mkewe atatengeneza pombe ya asali, na wazee wa kijana waje Jumamosi pombe ikiwa tayari, wapokelewe. Wakikataa, Mwiraqw asikanyage pale.

Imakulata alimwambia Nikolausi kwamba Ijumaa atambipu.

Upande wa Nambis aliyepaswa kuongoza posa ni Tomaso, baba mkubwa wa Nikolausi, kwa kuwa Bura, baba yake mzazi, alishafariki. Tomaso ujanani alikuwa mmoja wa waliokimbiza wezi wa ng'ombe kwa mishale mpaka chini bondeni, na alikuwa na kovu pajani la kuthibitisha. Alipoelezwa anatakiwa kwenda kuomba binti kwa watu walewale, alikula kwanza ugali wake wote. Kisha akasema kama ataenda, hataenda kama ombaomba. Akanunua blanketi zito jekundu la mama mkwe, akatafuta tumbaku nzuri ya Gidamis, akawaita wazee wengine wawili wa ukoo, na Ijumaa ilipofika alikuwa tayari ameshapiga koti lake brashi. Mzee alikuwa na furaha, ila hakutaka ionekane.

Ijumaa ile mvua ilianza mchana. Ilitoka upande wa Hanang, ikaufunika mlima wote, ikaja bondeni ikiwa nyeupe. Nikolausi alikuwa kwa Tomaso, amesimama barazani na simu mkononi. Ikalia. Namba ya kaka yake Imakulata iliingia, ikatoka.

Akangoja.

Mvua ikanyesha juu ya bati mpaka ikawa hausikii mtu akisema. Nikolausi hakuondoa macho kwenye simu ile. Aliishika kwa mikono miwili. Akajiambia labda anavuta pumzi, labda kuna mtu amepita karibu, labda kidole kimeteleza. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikaacha. Ng'ombe wakarudi zizini. Hakuna kilicholia.

Tomaso alitoka ndani akamuuliza imekuwaje. Nikolausi akasema imeita mara moja. Mzee alijua maana yake, kwa kuwa alishaelezwa na kucheka. Safari hii hakucheka. Alitazama lile koti lake lililotundikwa ukutani.

"Mimi sijawahi kukataliwa binti na simu," alisema Tomaso. "Kama mzee yule ananikataa, anitazame usoni ndipo anikatae. Kesho twende."

"Baba mkubwa, akituona baada ya kukataa itakuwa ugomvi."

"Na kama hakukataa?"

"Mtambo ule naupanga mimi kwa mikono yangu," alisema Nikolausi. "Ingekuwa mbili, zingefika mbili."

Mtu anatamani angekuwepo pale amfunge mdomo. Lakini alishasema, na Tomaso alikuwa mzee wa kuheshimu kazi ya mtu. Alichukua koti akalirudisha sandukuni. Blanketi akampa mama yake Nikolausi alitunze.

Wiki iliyofuata Nikolausi alivunja mwiko akapiga ile namba. Haikupatikana. Akapiga tena siku nyingine, haikupatikana. Akaenda Endasak kwa kisingizio cha kukagua mnara, akakuta chekechea ina mwalimu mwingine. Habari kwamba Imakulata ameolewa Basotu alizipata kwa mlinzi wa mnara, ambaye alizitoa kama habari ya kawaida kati ya bei ya mahindi na mgonjwa wa malaria. Nikolausi akamshukuru. Akapanda mnarani mpaka juu, akajifunga mkanda, akatazama Mogitu. Ng'ombe weupe walikuwepo. Mzee wa fimbo alikuwepo. Akalia huko juu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mwanaume wa umri wake angeweza kulia bila kuulizwa.

Alichojifariji nacho ni kwamba amekataliwa na mila, na mila ni kubwa kuliko mtu. Imakulata alimtii baba yake. Angefanyaje? Kwa kujifariji huko aliweza kula, kulala na kufanya kazi. Mwaka ukapita hivyo.

Siku ya mnada Endasak alikuwa ametoka kubadilisha betri za mnara, akakatiza katikati ya watu kutafuta chai. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni ya wenzake wenye vibuyu vya samli. Alivaa sketi ya ngozi ya wanawake walioolewa, na bangili za shaba zimejaa mkononi. Nikolausi alimpita. Kisha akasimama, akageuka.

Walisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Habari za Mbulu, nzuri, za Basotu, nzuri. Imakulata alikuwa amekonda. Aliangalia wenzake, akaona wanahangaika na mteja, akashusha sauti.

"Nilitaka nikuulize jambo moja tu," alisema. "Kwa nini hamkuja?"

Nikolausi hakuelewa. Akasema angekujaje wakati alimbipu mara moja.

"Nilibipu mara mbili, Niko."

Kelele za mnada ziliendelea, ng'ombe, watu, spika ya muuza dawa ya panya. Imakulata akaeleza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Wazee walikubali. Alitoka bomani akakimbia kwenye mvua mpaka duka la kuchajia, akabipu, akakata, akabipu tena, akakata, akamrudishia mwenye duka simu na kumwambia asante mpaka yule akamcheka. Akarudi nyumbani akamsaidia mama kuchuja pombe. Jumamosi wazee wa ukoo walikuja wakakaa. Baba yake alitandika ngozi kwa ajili ya wageni kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo hajawahi kumwona akiifanya. Mvua ilirudi na wazee wakaingia ndani, lakini yeye hakuingia, alibaki getini akitazama njia. Jioni pombe ikanywewa na watu wachache, kimya, kama ya msiba. Baba hakumgombeza. Alisema tu kwamba Wairaqw wamemkalisha mvuani. Kesho yake akatuma habari Basotu, na kaka mtu akaivunja ile simu.

Nikolausi alikuwa amekwisha kuelewa kabla Imakulata hajamaliza. Alielewa kwenye neno mvua. Aliiona ile foleni, aliiona kama iko kwenye kompyuta mbele yake, na mwisho kabisa wa foleni akamwona Imakulata amesimama amelowa na simu ya kaka yake mkononi. Hodi ya kwanza ilipata upenyo. Ya pili ikaambiwa ingoje, na kidole gumba kikakata kabla zamu yake haijafika.

"Ni mimi," alisema.

Imakulata akasema hapana, yeye alikuwa Mbulu, atakuwaje yeye. Ikabidi amweleze. Aliyaeleza mambo ya redio na mvua na foleni kwa maneno ya hovyo, mpaka mwanamke mmoja wa samli akageuka kuwatazama. Imakulata alisikiliza yote kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa chekechea wakieleza nani ameanza kumpiga nani.

"Kwa hiyo mvua ikinyesha, asiye na hela ya kupiga anakaa mwisho."

"Ndiyo."

"Na bado iko hivyo?"

Nikolausi alisikia aibu iliyomfika mifupani. Ilikuwa bado iko hivyo. Mwaka mzima, kila mvua, na hakuna aliyemlalamikia, kwa kuwa anayebipu hajui kama haikufika, na anayebipiwa hajui kama alibipiwa. Ni watu wangapi walikaa wakangoja kama yeye, hakutaka kufikiri.

Ndipo akasema lile ambalo hakupanga kulisema. Akamwambia blanketi lipo. Akamwambia baba mkubwa yuko hai, na wazee wake wanaweza kuja hata sasa, kuomba radhi, kulipa, kusema na Basotu, lolote. Macho ya Imakulata yalijaa maji, akayageuzia upande wa mlima mpaka yakatulia. Wenzake wakamwita kwa Kibarabaig, waondoke.

"Karekebishe kwanza," alisema. "Siku ikinyesha nitakubipu."

Nikolausi aliondoka Endasak bila kunywa chai. Alifika Nambis akaingia kibandani moja kwa moja, akafungua kompyuta, akazitoa hodi mwisho akaziweka mbele ya kila kitu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno, haikuchukua muda wa kuchemsha maji, na hilo lilimuuma kuliko kama ingekuwa ngumu.

Mvua za kwanza zilipogusa tu, Joakimu akapiga simu kwamba Katesh wameanza tena. Nikolausi akamwambia njia ikibana lazima mmoja angoje, na kwamba sasa zinazongoja ni barua pepe. Joakimu akauliza kama anaumwa. Akamwambia airudishe kama ilivyokuwa. Nikolausi akasema sawa bosi, na hakuirudisha.

Akaenda kwa Tomaso. Akamwamkia, akamweleza yote bila kujitetea. Mzee alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono kwenye lile paja lenye kovu.

"Ni mke wa mtu," alisema Tomaso mwishoni.

"Akibipu mara mbili, baba mkubwa."

Asubuhi iliyofuata, Nikolausi akipita kwenda kazini, aliona koti la mzee limetundikwa nje, na blanketi jekundu limeanikwa juani pembeni yake.

Siku ilipofika, mvua ilitoka Hanang kama mara ile. Nikolausi aliiona inakuja akiwa mlangoni pa kibanda, akaingia, akaweka simu juu ya meza karibu na kompyuta. Bonde likajaa weupe. Redio ikajipunguza, kama ilivyopaswa kujipunguza, na njia ikawa nyembamba. Kwenye kompyuta akaona hodi zinavuka moja moja, zote, za Endasak, za Mogitu, za Basotu, za watu asiowajua, bipu za kila kamusi, zinapita mbele ya ofisi na benki bila kuzuiwa na mtu. Kulikuwa na furaha kidogo katika kuziona.

Simu ikalia. Namba ngeni. Ikaingia, ikatoka.

Akaishika kwa mikono miwili. Bati la kibanda lilipiga kelele, maji yakaingia chini ya mlango yakamfika viatuni, hakusogea. Akajiambia anavuta pumzi. Akajiambia kuna mtu amepita karibu. Kisha, kwa mazoea ya kazi, macho yakamwendea kwenye kompyuta, na huko hakukuwa na kitu kinachongoja. Hakuna hodi iliyokwama. Hakuna iliyoangushwa. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu zake zote na njia ya hodi ilikuwa wazi kutoka mlima mpaka mlima, wazi kabisa, kwa sababu aliifungua mwenyewe.

Imakulata alitaka Nikolausi ajue kwamba bipu imefika, na alitaka asije.

Mvua ilipoacha, alifunga kibanda akapita kwa baba yake mkubwa. Tomaso alikuwa barazani, ameshavaa koti. Alimtazama kijana usoni, akasimama taratibu, akaenda kuanua blanketi, maana wote wawili walilisahau nje na lilikuwa limelowa chapachapa. Walilikamua pamoja, mmoja ameshika upande huu na mwingine upande ule.

"Hukumpigia?" aliuliza mzee.

"Ameniita mara moja," alisema Nikolausi.